Shajara ya mradi: kulea kansa ya umio kwenye sahani

Wiki ya 1

Daftari rasmi la maabara naandika kwa Kiingereza na mle huruhusiwi kulalamika, unaandika mililita ngapi, saa ngapi, nani alikagua, basi. Hili lingine nimeamua kuliandika kwa Kiswahili ili nikumbuke na yale yasiyoingia kule, na pia nina wadogo zangu kadhaa wako maabara za hospitali nyumbani kila siku wananiuliza ivi unafanya nini huko Uholanzi, nikiwaambia naotesha kansa wanacheka.

Ila ndio hivyo, naotesha kansa. Tunachukua kinyama kidogo cha kansa ya umio (njia ya chakula toka kooni mpaka tumboni) toka kwa mgonjwa aliyesaini kukubali, tunatenganisha seli zake, tunazipanda kwenye jeli, zikijaliwa zinakua vijimpira vidogo ambavyo vinajipanga vyenyewe, vinafanana na nyama zilikotoka. Hivyo ndio oganoidi. Alafu tunavimwagia dawa za kansa tuone ipi inaviua, tunalinganisha na yule mgonjwa mwenyewe alivyoitikia tiba. Kwa mbali huko tunataka siku moja daktari asibahatishe dawa. Kwa karibu nimeahidi kwenye karatasi kwamba ndani ya miezi 9 ntakua na oganoidi hai za wagonjwa 8, za aina ya skwamasi, ile inayoanzia kwenye utando wa umio.

Mimi sio mtoto wa kazi hii. Miaka 11 nilikua chumba cha histolojia kwenye hospitali moja kaskazini mwa Tanzania, kazi yangu kukata vinyama vilivyogandishwa kwenye nta na kupaka rangi slaidi ili mpatholojia asome. PhD nimeianza nikiwa na miaka 36, wenzangu humu ndani wana 25, na yule wa kwanza kunisalimia alidhani ni profesa mgeni amekuja kutembelea. Supavaiza huku unamwita jina lake la kwanza, ulimi wangu unagoma, namwita Profesa na kila mara ananiangalia kama namtania.

Kwanini umio: kuna ukanda unaanzia Ethiopia unashuka Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi mpaka Eastern Cape kule Afrika Kusini, ambako kansa hii ni nyingi kuliko ilivyotegemewa, na inashika hata watu wa miaka thelathini na kitu. Wengi wanafika hospitali hata uji haupiti tena. Nimekata slaidi nyingi sana za umio. Ya mjomba wangu nilikata mimi pia, jina nililiona kwenye fomu asubuhi, nikaikata kama zingine, nikaipaka rangi, nikaiweka kwenye trei ya daktari.

Wiki ya 3

Sampuli hamna. Nilikuja nikidhani ntakuta foleni, kumbe kansa ya umio ya huku kwa wengi ni ile nyingine, ya tezi, inaanzia chini karibu na tumbo na inaenda na kiungulia cha miaka na unene. Ya kwetu ni skwamasi, inaanzia kwenye utando wenyewe unaopitisha chakula, na nyumbani ndio karibu zote. Yaani ugonjwa uliojaa kwetu nimekuja kuutafuta mahali ulipo adimu, kwasababu mafriza na hela viko huku. Daktari wa endoskopia kaahidi akipata mgonjwa ananipigia. Hajapiga.

Basi najifunza jeli. Inaitwa Matrigel na inatolewa kwenye uvimbe wa kansa ya panya, kwahiyo tunapanda kansa ya mtu kwenye mchuzi wa kansa ya panya, sijui nani aliwaza hivyo. Kama umezoea samli sahau, samli inaganda kwa baridi, hii kinyume, kwenye barafu ni laini kama ute wa yai na ikipata joto la mwili inaganda. Kwahiyo kila kitu kinachoigusa lazima kiwe cha baridi, hata zile ncha za pipeti zinalala friza. Unachanganya na seli, unadondosha matone ya maikrolita 10 kwenye sahani, alafu unaipindua sahani juu chini upesi ili seli zisizame mpaka kwenye plastiki. Seli ikigusa plastiki inajitandaza kama chapati na kusahau kua na umbo. Mara ya kwanza nilipopindua matone yote yakaserereka yakakusanyika pembeni. Mara ya pili nikawa makini sana, yakakaa, nikafurahi, nikapokea simu, kurudi mezani kichupa kilichobaki kimeshakua halua. Kichupa kimoja ni mamia ya euro. Kwenye daftari rasmi nimeandika "imetumika kwa mafunzo".

Wiki ya 6

Ameshapiga! Sampuli ya kwanza, naiita U1. Imekuja kwenye kitubu cha maji baridi, namba tu, hamna jina, na ni kama punje ya mchele. Nimeiangalia muda kabla ya kuigusa. Nyumbani kipande kama hiki kingeenda chote kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, huku wenzangu wanakiweka chote kwenye kimeng'enya cha kutenganisha seli. Mimi nimekata kajipande kembamba nikakaweka kwenye fomalini. Mwenzangu wa meza ya jirani akauliza ya nini, unapunguza mtaji. Nikasema mazoea tu, na kweli ni mazoea, sikua na sababu ya maana.

Seli zikishatenganishwa ziko hatarini, seli ya utando ikikaa peke yake bila kugusana na wenzie inajiua, ndio ilivyoumbwa ili isizurure mwilini. Kwahiyo siku za mwanzo unaweka dawa ya kuizuia isijiue. Alafu chakula: EGF ya kuiambia ikue, Noggin na R-spondin za kuilinda ile hali ya useli shina (kua seli mama inayozaa zingine), vitamini, na madude mengine ambayo kila maabara ina siri yake. Kila siku mbili tatu unabadilisha, na jumapili ikiwemo. Nimeambiwa krismasi pia.

Siku ya tano nikaona vidoti. Siku ya tisa vidoti vimekua duara. Nilimpigia mama, shikamoo mama, marahaba baba, nikamwambia zimeamka, akasema kumbe ni kama vifaranga, na tangu hapo kila akipiga ananiuliza watoto wameshindaje. Nimemueleza mara tatu kwamba hao watoto ni kansa. Anasema ndio, lakini wewe si ndio unawalisha.

Wiki ya 8

Zamu yangu kuwasilisha kwenye kikao cha alhamisi, na Profesa akasema usilete pepa jipya, tuletee mtu, tueleze kazi yake ya maisha. Nikamchukua Hans Clevers kwasababu karibu kila chupa ninayoshika humu chanzo chake ni maabara yake. Tuzo sikuzigusa sana (2013 alikua kwenye kundi la kwanza la Breakthrough Prize, inatosha). Kilichonishika mimi ni kwamba mtu huyu hakuanzia tumboni kabisa.

Kazaliwa Eindhoven 1957, kasoma udaktari, akawa mtu wa kinga za mwili, akaenda Boston kushughulika na seli T (seli za kinga), akarudi Utrecht. 1991 timu yake ikatoa jeni la seli T linaitwa TCF1. Mpaka hapo hamna utumbo wala nini. Baadae ikaja kujulikana kwamba ukoo huo wa TCF ndio mkono wa mwisho wa ishara inaitwa Wnt, ile inayoiambia seli endelea kugawanyika, na 1997 wao pamoja na wenzao wa Baltimore wakaonyesha kwamba kwenye kansa ya utumbo mpana jeni la APC likiharibika ule mkono unabaki umebonyeza swichi, hautoi. 1998 wakamuondolea panya jeni la TCF4, utumbo mwembamba wa vile vitoto ukawa hauna seli za kujizalisha upya. Mtu wa kinga akajikuta anaishi matumboni. 2007 Nick Barker, humohumo kwake, akaonyesha kwamba alama ya Lgr5 ndio inatambulisha seli shina za utumbo, na 2009 Toshiro Sato, daktari wa tumbo toka Japani, akachukua seli moja tu yenye hiyo alama, Matrigel, EGF, Noggin, R-spondin, na ile seli moja ikajenga kijiutumbo kizima na mikunjo yake. 2011 wakafanya na za binadamu, za kansa zikiwemo. 2015 wakaweka benki ya oganoidi za wagonjwa 20 wa kansa ya utumbo mpana. Mwaka 2022 Clevers akaenda Roche kuongoza utafiti wao, yaani vijimpira vimemfikisha mpaka kiwanda cha dawa.

Kijana mmoja akaniuliza kwa utani, na wewe 2009 ulikua wapi. Nikasema nilikua chuo najifunza kuweka kisu kwenye maikrotomu, ile mashine ya kukatia nta, bila kujikata. Wakacheka, nikacheka. Nilipotoka nikajiuliza kama nilichekea kweli.

Kuna kitu kimoja niliandika pembeni siku ile na sikukitilia maanani: kwenye utumbo mpana wana bahati, kwasababu kansa yao mara nyingi APC imeharibika, ukiiondoa Wnt kwenye chakula seli nzima, zenye afya, zinakufa njaa na za kansa zinaendelea kudunda. Yaani wana chujio la bure. Umio hauna chujio hilo. Nimeandika "umio je?" nikapiga mstari, nikaenda kula.

Nimemtumia mama kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchoma kwenye nyama. 2016 watu wa IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, waliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya digrii 65, kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini vinaleta kansa ya umio. Sio moto peke yake, kuna pombe, tumbaku, moshi, na mengine bado yanachunguzwa, lakini chai ya mama yangu naijua, inatoka jikoni inaingia mdomoni.

Wiki ya 13

Sampuli tano sasa, U1 mpaka U5, na mambo ni mazuri mno. U1, U2, U3 na U5 zinakua kama uyoga wa masika, duara safi, zimelingana, nazigawa kwenye sahani mpya kila siku nane au kumi. Nimezipiga picha nikaweka kwenye skrini ya simu yangu, usinicheke. Grafu za ukuaji zinapanda vizuri, Profesa kaziweka kwenye slaidi zake za kuombea hela.

U4 ndio mtoto wa shida. Ni kama makombo, vijimpira vina manundu, havina umbo moja, vingine vinakufa katikati vinabaki weusi, wiki tatu sijaweza kuvigawa. Mwenzangu kasema achana nayo, inakula midia (chakula) bure. Profesa nae kasema tukibanwa na hela U4 ndio ya kwanza kutoka. Sijaitupa kwasababu moja ni kuihurumia (najua, sio sababu ya kisayansi) na pili ni kwamba nafasi kwenye inkubeta ipo.

Wiki ya 19

Mtihani wa kwanza wa dawa. Hapa Uholanzi wagonjwa wengi wa skwamasi ya umio kabla ya upasuaji wanapewa karboplatini na paklitakseli pamoja na mionzi ya Gy 41.4 (Gy ni grei, kipimo cha mionzi) kwa vipande 23, ni mpango uliotoka kwenye utafiti wa humuhumu, CROSS, ulichapishwa 2012. Kwahiyo nimeanza na hizo dawa mbili, na zingine mbili za kansa, sisplatini na 5-FU.

Unagawa oganoidi kwenye sahani ya vishimo 384, unaweka dawa kwa viwango tofauti, siku tano, alafu unamwaga kimiminika chenye kimeng'enya cha kimulimuli. Ndio, mdudu yule yule wa usiku. Seli iliyo hai ina ATP (nishati yake), ATP inakiwasha hicho kimeng'enya, mashine inasoma mwanga. Kishimo kinachong'aa kipo hai, kilicho giza kimekufa. Nilikua peke yangu saa mbili usiku, nikazima taa nione kwa macho, sikuona kitu, mwanga ni mdogo mno, lakini nilijaribu.

Majibu: U1, U2, U3, U5 zimejibu sawa. Sio kufanana, SAWA. Mistari minne ya grafu imelaliana utadhani ni mgonjwa mmoja. U4 hazikutosha kuingia kwenye mtihani.

Profesa alisema huenda wagonjwa wenyewe wanafanana. Mimi sikulala. Watu wanne tofauti, umri tofauti, kansa ambayo kila moja ina uharibifu wake, zijibu dawa nne kwa mstari mmoja? Timu ya London 2018 kwenye jarida la Science walionyesha oganoidi za kansa za tumbo na utumbo zilizosambaa, zikisema dawa haitafanya kazi hazikukosea, zikisema itafanya walipatia asilimia 88, na uzuri wote ule ulitokana na kwamba kila mgonjwa alitofautiana na mwenzie. Zangu hazitofautiani. Au nimechanganya lebo, au nimezichafua moja na nyingine, au sijui.

Wiki ya 20

Nimepima lebo kwa vinasaba, kila moja ni ya mtu wake. Sijachanganya. Hilo lilitakiwa kunifurahisha.

Jumamosi nikafanya kitu ambacho humu ndani hawafanyi mara nyingi hadi mwisho wa mradi: nikazikata. Oganoidi ni ndogo, ukizipeleka kwenye nta moja kwa moja zinapotea, kwahiyo unazikusanya ndani ya tone la agarosi (jeli nyingine) kwanza, fomalini, alkoholi, nta. Chumba cha histolojia cha hapa kina maikrotomu ya umeme, sikuipenda, nikaikuta ya kuzungusha kwa mkono imefunikwa kona. Nta ya baridi, kisu kipya, mikroni 4. Mkono wa kulia unazungusha bila haraka, wa kushoto unapokea utepe na brashi, unaulaza kwenye maji ya uvuguvugu unakunjuka wenyewe kama unapumua. Mkono unakumbuka. Sijui nimekata tepe ngapi maishani lakini huo nilikua natetemeka kidogo.

Rangi za hematoksilini na eosini, kioo juu, chini ya hadubini.

Ni kitunguu. U1 ni kitunguu, U2 kitunguu, zote nne. Nje kuna mstari mmoja wa seli za msingi zimesimama zimebanana vizuri, ndani zinazidi kua bapa, katikati kabisa kuna keratini (protini ngumu kama ya kucha) ya waridi. Mpangilio ule ni wa umio mzima, wenye afya, ningeweza kumfundishia mwanafunzi. Alafu nikatoa kile kipande kembamba cha U1 nilichoweka fomalini wiki ya 6 kwa mazoea, nikakikata nacho: upande mmoja kansa mbaya kabisa, viini vya seli vikubwa vyeusi havina mpango, na pembeni yake, ukingoni, kaeneo kadogo ka utando mzima.

Hako kaeneo ndio nimekalea miezi mitatu na nusu.

Nikakata na U4. Haina ndani wala nje. Viini vimevimba, vingine vinagawanyika vibaya, keratini imetupwa popote. Nimeiangalia nikasema kwa sauti, ndio wewe.

Wiki ya 21

Kwanini ilitokea, naandika hapa kwa ajili ya wadogo zangu maana hili ndio la kushika. Chakula chetu kilitengenezwa kwa ajili ya seli shina zenye afya, na zikikipata zinastawi. Kansa tunaiwazia kama kitu kinachokua kuliko vyote, lakini kwenye sahani sio hivyo, kromosomu zake zimevurugika, kila ikigawanyika nyingi zinafia njiani. Ukipanda zote mbili shamba moja, nzima inaifunika ya kansa ndani ya wiki chache. Na biopsi ya umio, yaani kile kinyama tunachokata, mara nyingi ina ukingo mzima.

Chujio lipo, ni mimi sikulitafuta baada ya kupiga ule mstari. Kansa ya skwamasi ya umio kwa wengi sana p53 imeharibika. p53 ndio askari anayesimamisha seli yenye kasoro, na kwenye seli nzima kuna MDM2 inayomshika mkono asifanye kazi ovyo. Dawa ya Nutlin-3a inamwachanisha na MDM2, askari anaamka, seli nzima inasimama au inakufa. Seli ambayo askari wake ameshaharibika haisikii kitu. Wale wa kansa za kichwa na shingo Utrecht waliitumia kusafisha oganoidi zao, wamechapisha 2019, na pepa lao nilikua nalo kwenye kompyuta tangu kabla sijapanda ndege.

Nikaweka Nutlin kwa zote tano jumatatu. Jumatano U1 zimeanza kunyauka. Ijumaa zote nne zimekufa, ukitikisa sahani ni vumbi linaelea. Zile picha nimezitoa kwenye skrini ya simu. U4 wala haijajua kama kuna kitu kimewekwa.

Nikapaka na kingamwili cha p53 kwenye slaidi ya U4: viini vyote kahawia nzito, yaani p53 mbovu imejazana humo.

Wiki ya 23

Kikao na Profesa. Nilijiandaa kwa mabaya, nimeshafikiria hadi nauli ya kurudi. Akaangalia slaidi muda mrefu, akauliza nani kakata hizi, nikasema mimi, akauliza hii mashine ya mkono bado inafanya kazi? Alafu akafuta mwenyewe zile grafu kwenye slaidi zake za hela, mbele yangu. Hakusema pole wala hakugomba. Akasema tu kuanzia sasa kila sampuli ipite kwenye nta pasaji ya pili, yaani ikigawanywa mara ya pili, sio mwisho wa mradi, na wewe utawafundisha wengine kukata.

Mwenzangu wa meza ya jirani kaja jioni na oganoidi zake za sehemu nyingine ya mwili, anaongea taratibu kama mtu anayekuja kupima kitu cha siri. Mbili kati ya sita ni vitunguu vya aina yake. Sitasema zaidi, ni zake.

Siku hizi nikisoma mapepa ya oganoidi natafuta kwanza kama wameonyesha slaidi. Na nasoma zile zilizoshindwa pia. Kuna jaribio la Amsterdam linaitwa SENSOR, la 2021, walijaribu kuchagua dawa kwa oganoidi kwa wagonjwa wa kansa ya utumbo iliyosambaa: waliingizwa 61, ukihesabu ambao oganoidi zilikataa kuota na ambao hali zao zilishuka wakati wa kusubiri, waliofika kupewa dawa ni 6, na hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulipungua kwa kipimo. Wakaandika hivyohivyo wakachapisha. Hilo pepa nimelibandika ukutani juu ya friza, sio la Sato.

Wiki ya 30

Mambo ni polepole na sasa naona ndio mwendo wake. Sampuli U6 mpaka U12 zote zimepita mpango mpya: kipande cha fomalini siku ya kwanza, Nutlin toka mgawanyo wa kwanza, nta kwenye wa pili. Nyingi zinakufa zote, maana yake hamkua na kansa ya kutosha kwenye kile kinyama au p53 yake ni nzima, na hao wa p53 nzima chujio hili linawaonea, linawaua pamoja na seli zenye afya. Sina dawa ya hilo bado. U9 na U11 zimebaki. Mbaya, manundu, polepole. Nazipenda.

Nimefundisha wanafunzi wanne kukata. Mmoja kajikata kidole siku ya kwanza kama ilivyo desturi.

Wiki ya 37

Hesabu ya ahadi: niliahidi 8, ninazo 3. U4, U9, U11. Kwenye ripoti nimeandika tatu, na kurasa mbili za kueleza zile nne za mwanzo, na picha za vitunguu. Profesa alitaka ukurasa mmoja, tukabishana, zikabaki mbili.

Mtihani wa dawa umerudiwa na safari hii mistari mitatu haijalaliana. U9 inanyauka mapema kwa paklitakseli, U11 inavumilia mpaka viwango vya juu, U4 iko katikati ila sisplatini inaisumbua zaidi ya karboplatini, hilo ntalirudia kabla sijaliamini. Wagonjwa wenyewe waliitikiaje sijui, na sitakiwi kujua mpaka majibu yangu yafungwe, ili nisije nikajipendelea. Bahasha ya majibu yao inafunguliwa mwezi wa kumi na mbili.

Vichupa vya akiba nimegandisha leo, 12 kwa kila mmoja, kwenye naitrojeni ya maji, digrii 196 chini ya sifuri. Nilishaandika lebo za U4 zote ndio nikaona nimeweka tarehe ya jana, nikazifuta kwa alkoholi moja moja.

Mama kapiga naandika hapa. Kipimajoto anacho, amekizoea, anachoma mpaka maharage.

"Baba, leo chai imesoma 78. Nikasubiri kama ulivyosema. Nikasubiri, nikasubiri, ikafika 62."

Nikamwambia safi sana mama, hapo sasa.

"Ikawa imepoa. Nikairudisha jikoni."

Jumatatu nagawa U4, mara ya tisa.